Bosi wetu ni mtu mwema, ila anataka nisaini kwamba hatutaki bima

Shikamoo shangazi,

Huwa nakusoma tu ila sijawahi kuandika, leo nimeona nikuandikie maana hili jambo limenikaa kichwani hata usingizi siupati vizuri. Naomba jina langu usiliweke, mji wetu mdogo huu na kazini kwetu tunajuana wote.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo Mtwara, nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha korosho nje kidogo ya mji. Ni cha mtu binafsi. Tupo kumi na moja wenye ajira ya kudumu, alafu kuna wamama wa kubangua na kumenya ambao wanaongezeka na kupungua kutokana na korosho ghafi iliyopo, ikiwepo nyingi wanafika hata thelathini, ikiisha wanarudi kumi au hakuna kabisa. Hao wanalipwa kwa kilo, mkataba hawana. Mimi ndo naandika mahudhurio, napima kilo, nashika daftari la matumizi, kwa hiyo wenzangu wananiona kama niko upande wa ofisi ingawa mshahara wangu ni laki nne kama wao tu.

Bosi wetu shangazi ni mtu mwema na hilo nalisema toka moyoni. Mtoto wangu wa mwisho nilimzaa kwa operesheni, uchungu ulianza usiku tukakimbilia hospitali ya misheni, mume wangu ni bodaboda na kipindi hicho pikipiki ilikuwa mbovu, hela ndani hakuna. Bosi alikuja mwenyewe asubuhi na mke wake, akalipa yote, akamwambia mume wangu usije ukanirudishia hata mia. Mtu kama huyo utamsahau vipi? Na siyo mimi tu, mwenzetu akifiwa anatoa gunia la mchele, mtoto wa mtu akiumwa ukienda kugonga mlango wake hakufukuzi.

Sasa haya maneno ya bima ya afya kwa wote yalivyopamba moto, kwamba mwajiri anatakiwa aandikishe watu wake, bosi akaniita ofisini akanionyesha karatasi ameshaichapa. Imeandikwa sisi wafanyakazi kwa hiari yetu tumekubaliana hatuhitaji kujiunga na bima ya afya kwa sasa kwa kuwa mwajiri anatuhudumia tunapougua. Chini kuna mistari kumi na moja ya majina na sahihi, mstari wa kwanza jina langu limeshachapwa kabisa, la kwangu peke yake, wengine wote ni wazi. Akaniambia wewe ndo wanakusikiliza, ukianza wewe wote watasaini, wakaguzi wakija tuwe na kitu cha kuwaonyesha. Akasema pia biashara ni ngumu, korosho ghafi mnadani bei iko juu, wenye kusafirisha nje wanazibeba zote, akianza kumlipia kila mtu bima itabidi apunguze watu.

Karatasi iko kwenye mkoba wangu. Sijasaini na sijamwambia mtu isipokuwa mume wangu, ila naona watu wameshajua.

Kinachonikwamisha ni huyu kaka yetu wa boila. Ana sukari na presha. Mara ya kwanza bosi alimsaidia, mara ya pili akamsaidia, mara ya tatu akamwambia mwezi huu hali mbaya kaka vumilia. Yule kaka amekodisha mikorosho yake ya msimu ujao kwa mtu, kwa hela ya kutupwa, ili anunue dawa. Yaani korosho zitaiva pale shambani kwake na siyo zake. Na kuna mama mmoja wa kubangua, yale mafuta ya maganda yalimuunguza vidole vyote vya mkono wa kushoto vikatoka ngozi, siku hiyo alikuja dirishani kwangu kupimiwa kilo zake, mkono kaufunga kitambaa, akaniuliza mwanangu na sisi tumo kwenye hiyo bima? Sikuwa na jibu.

Alafu vijana wetu wa ghalani nao wanasema bima ya nini, mimi siumwi, kukatwa elfu kumi na mbili kila mwezi kwa mwaka hiyo ni 144,000 bora ninunue bati. Tena wanasema ukienda na kadi hospitali unaambiwa dawa hakuna kanunue nje. Kwa hiyo hata nikikataa kusaini inawezekana wenzangu wenyewe wakanigeuka wakasema nimewaletea makato.

Mume wangu anasema saini tu, usitie mchanga kitumbua chetu, huyu mtu kakuokoa wewe na mtoto. Na mimi naona ana haki ya kusema hivyo. Lakini nikiishika ile kalamu namuona yule kaka wa boila.

Nisaini? Nikatae? Niwaambie wenzangu ukweli, na ukweli wenyewe ni upi? Naomba uniongoze shangazi.

Mama wa Mtwara

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Hongera pia ya mtoto, najua imechelewa ila nimefurahi mlitoka salama wote wawili.

Nimeisoma barua yako nikaiweka pembeni nikairudia. Nikuambie nilivyoielewa, kama nimekosea utanisahihisha. Una bosi aliyekufaa kwenye shida ambayo ingeweza kukuondoa duniani, sasa anakuomba kitu, na kitu chenyewe kinagusa watu wengine kumi wenye mikataba na wamama wasio na mkataba. Ungekuwa unasaini la kwako peke yako nadhani usingeniandikia. Kilichokuletea hili jambo usiku ni kwamba sahihi yako itawavuta na wengine, na wewe unalijua hilo na bosi pia analijua, ndo maana jina lako limeshachapwa.

Nianze na shukrani maana ndo imekufunga mikono. Ile fadhila ya hospitalini ni ya kweli na wala sitaki uipunguze. Lakini hebu jiulize, bosi alivyolipa ile hela alikuwa anakununulia sahihi ya siku nyingine? Mwenyewe alimwambia mumeo asirudishe hata mia. Mtu aliyetoa kwa moyo hivyo pengine angeumia akijua unajiona mdeni wake mpaka leo. Inawezekana kabisa kumheshimu, kumwombea dua, kumpikia siku ya sikukuu, na bado ukamwambia mzee hili tuliongee kwanza. Simaanishi kwamba hatakasirika, anaweza akakasirika. Nasema tu kwamba kumshukuru na kumsainia ni vitu viwili, na wewe umevifunga fundo moja.

Jambo lingine nililiona humohumo kwenye barua yako. Juu umesema ukigonga mlango wake hakufukuzi. Mistari michache mbele unasema kaka wa boila mara ya tatu aliambiwa avumilie. Siyo kwamba umedanganya, yote mawili ni kweli. Msaada wa mtu mmoja ndo ulivyo, hata awe mwema namna gani, unategemea mfuko wake mwezi huo, unategemea yupo mjini au amesafiri, unategemea na wewe unathubutu vipi kwenda kugonga. Wewe ulipata kwa sababu ulikuwa uchungu wa ghafla, unaisha siku moja. Sukari haiishi siku moja. Kila mwezi dawa, kila mara kupima, na hakuna bosi wa kiwanda kidogo anayeweza kubeba hiyo peke yake mwaka baada ya mwaka, hata akitaka. Kwa hiyo yale maneno ya kwenye karatasi, kwamba mwajiri anatuhudumia tunapougua, wewe unayeshika daftari ndo unajua yana ukweli kiasi gani. Kabla hujafanya chochote, chukua hilo daftari la matumizi, tafuta kila mstari aliotoa hela ya matibabu toka msimu uliopita, jumlisha, andika na nani alipata na nani alikosa. Hutaki kumshtaki nalo. Unataka wewe mwenyewe uujue ukweli kwa namba, maana umeniuliza ukweli ni upi.

Sasa sheria. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, baada ya muswada kupelekwa 2022 ukakwama kwenye swali la hela ya kuwalipia wasio na uwezo itatoka wapi. Kwa upande wa waajiri wa sekta binafsi sheria hiyo inasema mwajiri amwandikishe mfanyakazi wake ndani ya siku 30 toka ajira ianze, mchango ni asilimia 6 ya mshahara, na mwajiri abebe angalau nusu. Ndo mgawanyo uleule wa asilimia 3 kwa 3 ambao watumishi wa serikali wamekuwa nao NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, toka mfuko ulipoanza kazi mwaka 2001. Wajibu wa kuandikisha umewekwa kwa mwajiri, kwa hiyo mimi karatasi ya wafanyakazi kusema hatutaki sioni itamkinga na nini. Nenda ukamuulize afisa kazi wa mkoa, tena unaweza kuuliza kama mtu wa kawaida tu bila kutaja kiwanda. Ikiwa ni hivyo ninavyodhani, basi mkaguzi akija atakachokiona kwenye hiyo karatasi ni kwamba mwajiri alijua na wafanyakazi walisainishwa, na jina la kwanza ni lako. Hapo hata bosi mwenyewe inamuumiza, hilo ni jambo unaweza kumwambia ukiwa upande wake kabisa.

Tupige hesabu kidogo maana hofu nyingi kwenye barua yako haijapigiwa hesabu. Mshahara wa laki nne, asilimia 3 ni 12,000, hiyo vijana wako wameipata sawasawa. Bosi naye anaweka 12,000 kwa kila mmoja. Watu kumi na moja kama wote mko hapohapo ni 132,000 kwa mwezi. Siyo hela ndogo, na usimchukulie kama anatafuta kisingizio, mwajiri mdogo kule kwetu kusini ana hali ngumu kweli. Anachangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, analipa WCF ya fidia kwa wanaoumia kazini, na mwenye wafanyakazi kuanzia kumi anaangukia pia kwenye tozo ya mafunzo ya ufundi, alafu ndo aende mnadani kushindana na wanunuzi wenye meli zinazopeleka korosho ghafi India na Vietnam. Mimi naona serikali ikitaka kweli viwanda vidogo viwaandikishe watu iangalie na hayo mengine, mzigo wa bima unaongezwa juu ya mizigo iliyokuwepo. Lakini 132,000 ndiyo itakayofunga kiwanda? Linganisha na kile utakachokipata kwenye daftari. Inawezekana anatoa zaidi ya hapo sa hivi bila kujua, kidogo huku kidogo kule, na bado kaka wa boila anakosa. Au inawezekana anatoa kidogo sana, na hapo utajua kwamba mzigo kwake utakuwa mpya kweli, basi mtaongea kwa namna nyingine. Sijui namba zitasema nini, wewe ndo utaziona.

Vijana wa ghalani nawaelewa. Mtu ana miaka ishirini na kitu, ana nguvu, ukimwambia toa hela kwa ugonjwa ambao hajauona anaona unamwibia. Lakini waulize swali moja, mama yako yuko wapi? Maana kadi ya bima ya mfanyakazi siyo ya mtu mmoja, kuna mwenza na wategemezi hadi wanne, na wazazi wanaingia. Kijana asiye na mke wala mtoto ambaye mama yake yuko Tandahimba au Newala anapanda na kushuka na presha, ile 12,000 yake na 12,000 ya bosi ndo matibabu ya mama yake na baba yake. Na wote tunajua mzee akiugua kijijini simu ya kwanza inakuja kwa mtoto aliye mjini. Hizo bati mara ngapi zimeuzwa kumpeleka mzazi hospitali ya Ligula au Ndanda?

Hata wewe jipange kwa hili. Watoto watatu wanachukua nafasi tatu, inabaki moja. Mama yako au mama mkwe? Nimeona ndoa zikitetemeka kwa hiyo nafasi moja, kwa hiyo ikifika huko ongea na mumeo mapema kabla fomu haijaja, msije mkaandikiana majina ofisini mkiwa mmenuniana.

Wanachosema kuhusu dawa sitakikataa. Kadi haileti dawa kwenye rafu ambayo haina dawa, watu wanapanga foleni wana kadi mkononi na wanaambiwa kanunue nje, hiyo ipo na inauma. Na Machi 2024 kulikuwa na hospitali binafsi zilizosita kupokea kadi za NHIF kwa sababu ya mvutano wa kitita kipya cha bei, watu wenye bima wakabaki wanahangaika. Kwa hiyo mtu akikuambia bima inatibu kila kitu usimwamini. Ila angalia lile la kumlaza mtu, la operesheni, la kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo kwa vipimo ambavyo zamani ulipanda basi mpaka Dar. Kidonge cha elfu mbili mtu anakimudu, bili inayomfanya akodishe mikorosho ndo imemshinda kaka yenu.

Alafu kuna hili la mimi nitajiunga siku nikiumwa. Mfuko wa bima unaishi kwa sababu wazima wengi wanachangia na wagonjwa wachache wanatumia. Kila mtu akisubiri augue ndo aje, mfuko unakauka. Toto Afya Kadi, ile ya 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, ilisitishwa Machi 2023 kwa usajili wa mtoto mmojammoja ikaelekezwa mashuleni, kwa sababu hiyohiyo, wazazi wengi walikuwa wanaleta mtoto akishaumwa. Baadae ikarudi, lakini somo lilibaki. Ndo maana sheria inamtafuta mwajiri, pale kazini watu wanaingia wote kwa pamoja, wazima na wagonjwa, vijana na wazee, na bei inashuka kwa kila mtu. Mkisaini hiyo karatasi alafu kila mmoja akajitafutie bima mwenyewe, huenda asiipate kama hiyo kwa 12,000.

Nije kwenye njia ulizonazo. Kusaini kunakupa amani na bosi kwa sasa, na pengine nyumbani pia. Hatari yake nimeshaigusa, jina lako linaongoza, na siku mwenzenu akipata shida kubwa bosi akiwa hana, watakumbuka nani alianza. Utaweza kuishi na hilo? Kuna watu wanaweza, sikuhukumu. Kukataa peke yako kimya kimya kunakuweka safi kwa nafsi yako ila karatasi inaweza kupita bila wewe, akapewa mwingine aanze, na wewe ukaonekana mtovu wa shukrani. Kwenda moja kwa moja kushtaki kwa afisa kazi ni haki yako, lakini kwa kiwanda cha watu kumi na moja itajulikana ni nani, na bosi ambaye hajapewa nafasi ya kuongea ataona amechomwa kisu na mtu aliyemlipia hospitali. Mimi ningeogopa kuanza na hiyo, labda wewe unamjua zaidi.

Ipo nyingine ya katikati ambayo inataka uvumilivu. Kumrudishia karatasi mkononi, ukiwa wewe na yeye tu, na kama mke wake ni mtu wa busara naye awepo maana umesema walikuja wote hospitali, ukamwambia mzee mimi siwezi kuwasemea wenzangu kitu kikubwa hivi, naomba tumwite mtu wa bima aje atueleze wote, wewe ukiwepo, alafu kila mtu aamue akiwa anajua. NHIF wana ofisi Mtwara na kuelimisha ni kazi yao. Hapo unakuwa hujasaini, hujamshtaki, hujawasemea wenzako. Bosi anaweza akasema hapana. Akisema hapana utakuwa umejua jambo ambalo leo hulijui, kwamba tatizo siyo hela tu. Anaweza pia akaomba muda mpaka msimu ufunguke Oktoba hela iingie, hilo ni ombi la mtu anayetafuta njia, lisikilizeni ila liandikwe tarehe.

TUICO ndo chama cha wafanyakazi wa viwandani na biashara, mkiwa na tawi maneno haya hayatoki mdomoni kwako peke yako. Usidharau hilo, kinachokuchosha sa hivi ni kubeba kauli ya watu kumi na moja peke yako. Na ikitokea, Mungu apishie mbali, ukaachishwa kazi kwa sababu ya hili, malalamiko ya kuachishwa yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, usikae nyumbani kulia mpaka muda upite.

Kitu kingine kidogo, angalia makato yenu ya NSSF yanapelekwa kweli. Mfuko huo umekuwa na fao la matibabu kwa mwanachama, mwenza na watoto, na watu wengi viwandani hawajui hata kama lipo. Kaulize ofisini kwao kama mnaweza kulitumia wakati hili la bima linaendelea.

Nimewaacha mwisho wale wamama, na kusema kweli ndo walionisumbua zaidi. Yule mama aliyefunga mkono kitambaa aliuliza swali ambalo hata sheria inalijibu nusu. Bima ya mwajiri inamshika mwenye mshahara, yeye ana kilo. Mkoa wetu na Lindi wengi ndo wako hivyo, mkulima, mvuvi, mama wa kubangua, asilimia 6 ya nini? Sheria imetengeneza mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, na vyanzo vilivyotajwa ni pamoja na ushuru wa soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha, lakini kumtambua nani hana uwezo kunaanzia mtaani na kijijini kwa majina, kwa hiyo asiyejitokeza anaachwa. Kwa aliye na uwezo mdogo, CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita kwa mwaka, aende zahanati au ofisi ya kata akaulize sasa wanaandikisha vipi na kwa bei gani. Tatizo la kusini ni wakati. Hela ipo Novemba, Machi haipo, na ugonjwa unakuja na mvua. Hapo bosi wako mwenye moyo wa kutoa anaweza kufanya kitu kikubwa, msimu ukianza amlipie kila mama wa kubangua kaya yake, au awakate kidogo kidogo kwa kilo kwa makubaliano na yeye aongezee. Wamama ishirini kwa bei ile ya 30,000 ni laki sita. Mtu aliyezoea kutoa gunia la mchele msibani hilo linaweza kumwingia moyoni kuliko maneno ya asilimia.

Na kuungua kwa mafuta ya maganda ni kuumia kazini, halihusiani na bima hii kabisa. WCF ndo wahusika, mchango wake unalipwa na mwajiri peke yake. Waulize vibarua wenu wanatakiwa waandikishwe vipi, na mama yule taarifa yake iandikwe, tarehe na ilivyotokea, maana wewe ndo unaandika mahudhurio na siku hiyo yupo kwenye karatasi yako.

Mumeo usimwone adui. Alikaa nje ya chumba cha operesheni bila hela, anachokiogopa anakijua. Mwonyeshe namba za daftari kabla hujamwonyesha bosi, muamue pamoja kama nyumba itahimili bosi akinuna mwezi au miwili. Hilo mimi siwezi kuwapimia nikiwa huku.

Na huyo kaka wa boila, kama bado anaenda kazini hivyohivyo anaumwa, mwambie sheria ya ajira inampa likizo ya ugonjwa hadi siku 126 katika mzunguko wa miaka mitatu, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Mkorosho ameshaukodisha, asije akapoteza na hiyo.